Kompyuta Ilisema Liko Sawa: Kisa cha Paa la Hartford

Leo tuache kidogo mambo ya simu, Linux na tovuti, tuvuke ua tuingie kwa jirani zetu wahandisi wa majengo. Wengi wetu tunaoandika programu tumezoea kwamba programu ikikosea, kinachoharibika ni data, au mteja anapiga simu akiwa amekasirika. Kuna wenzetu ambao programu zao hubeba paa. Kisa ninachotaka kuwasimulia ni cha paa la chuma lililoanguka katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani, tarehe 18 Januari 1978. Wahandisi wa ujenzi hufundishwa kisa hiki vyuoni. Mimi naona ni chetu zaidi sisi watu wa kompyuta, na nitajaribu kuwaonyesha kwa nini.

Huwezi kukielewa, hata hivyo, bila kujua jinsi kompyuta ilivyoingia kwenye kazi ya kukokotoa majengo. Basi tuanzie huko.

Kwa namna fulani, kompyuta yenyewe ilizaliwa huko. Konrad Zuse, Mjerumani aliyeunda mashine iitwayo Z3 mwaka 1941, ambayo wengi huihesabu kuwa kompyuta ya kwanza iliyofanya kazi kwa kufuata programu, alisomea uhandisi wa ujenzi mjini Berlin na kuhitimu mwaka 1935. Kilichomsukuma hakikuwa ndoto kubwa ya akili za mashine. Alichoka na hesabu. Hesabu za miundo ya majengo na ndege zilikuwa ndefu, za kurudiarudia, na ukikosea mstari wa 3 unaanza upya.

Kwa nini ziwe ndefu hivyo? Hebu fikiria ubao uliolazwa juu ya mawe mawili. Weka gunia la mahindi katikati: kila jiwe linabeba nusu, hata mtoto wa darasa la 4 atakuambia. Sasa ongeza jiwe la tatu katikati ya ubao. Kila jiwe linabeba kiasi gani? Hapo swali limegeuka kabisa. Jibu linategemea ubao ni mgumu kiasi gani, na ikiwa jiwe la katikati liko chini kwa milimita chache tu huenda halibebi chochote. Haitoshi tena kujumlisha nguvu. Lazima ujue pia kila kitu kinapinda kiasi gani. Jengo la ghorofa au paa kubwa la chuma lina mamia ya mawe ya namna hiyo, na kila moja linaongeza mlinganyo. Milinganyo yote inapaswa kutatuliwa kwa pamoja.

Mwaka 1930 Hardy Cross, profesa wa Chuo Kikuu cha Illinois, alichapisha makala fupi iliyowapa wahandisi njia ya kuikwepa milinganyo hiyo. Unakisia, unasambaza kosa kwa viungo vya jirani, unakisia tena, mpaka kosa linakuwa dogo kiasi cha kupuuzwa. (Ndiyo, ni kitanzi kile kile tunachokiandika kila siku, ila kichakataji kilikuwa mtu mwenye penseli.) Kwa takriban miaka 30 majengo mengi marefu duniani yalikokotolewa hivyo.

Halafu mashine zikafika. Katika miaka ya 1950 R. K. Livesley alikuwa akizitumia kompyuta za Manchester, Uingereza, kukokotoa fremu za chuma. Mwaka 1960 Ray Clough wa Berkeley aliipa jina ile mbinu ya kugawa kitu kizima kuwa vipande vidogo vinavyokokotolewa kimoja kimoja. Mwaka 1964 kikundi cha MIT kilichoongozwa na Steven Fenves kilitoa programu iliyoitwa STRESS, na kitu kilichonivutia ndani yake ni lugha yake. Mhandisi hakulazimika kuandika Fortran. Aliandika kwa maneno ya kazi yake: nodi hizi hapa, vyuma hivi hapa, mzigo huu hapa, kokotoa. Baada yake ikaja STRUDL, kutoka MIT pia, na mwaka 1970 Edward Wilson wa Berkeley akatoa SAP, ambayo wajukuu wake bado wanauzwa hadi leo. Kazi yote ilikwenda kwa kadi zilizotobolewa. Unazipeleka asubuhi kwenye chumba cha mashine, unachukua karatasi za majibu kesho yake.

Ndani ya programu hizi zote mna wazo moja, na ndilo litakalotufikisha Hartford. Programu haijui jengo. Inajua nodi na pau. (Upau, kwa wasiojua, ni mti au chuma kirefu kinachobeba paa, ndilo neno lile lile mnalolikuta kwenye programu za Kiswahili zikisema "upau wa zana".) Kila upau unaunganisha nodi mbili. Kila nodi ina namba zake tatu za mahali ilipo. Programu hukusanya ugumu wa pau zote katika matriksi moja kubwa, inaweka mizigo upande wa pili, inatatua, na kukuambia kila nodi imesogea kiasi gani na kila upau unabanwa au unavutwa kwa nguvu gani.

Sasa jiulize: nodi ni nini? Kwenye programu ni nukta. Haina upana, haina bolti, haina weldi. Pau 8 zinaweza kukutana kwenye nukta hiyo bila kugombania nafasi.

Ukipita karakana yoyote ya jua kali ambako fundi anachomelea kenchi za paa, utaona mara moja kwamba hakuna kiungo cha namna hiyo duniani. Anglaini, vile vyuma vya umbo la L, haziwezi kupenya moja ndani ya nyingine. Fundi anaweka bamba la chuma, anachomelea hii upande huu na ile upande ule, na mistari ya katikati ya vyuma hivyo mara nyingi haikutani mahali pamoja. Inapishana kwa sentimita kadhaa. Kwa kibanda cha kuuzia mboga, sentimita hizo hazina neno. Kwa paa la ekari mbili na zaidi ni mambo mengine.

Mhandisi anayeandaa muundo wake kwenye programu ana maswali ya kujibu kwenye kila kiungo. Je, kiungo kinaruhusu upau ujizungushe kama bawaba ya mlango, au kimekaza kabisa? Au kiko katikati ya hayo mawili, kama viungo vingi vya kweli vilivyo? Je, pau zinakutana kwenye nukta moja, au kuna mpishano unaopaswa kuonyeshwa kwa kipande kifupi kigumu? Na kiungo hiki kinamzuia jirani yake asipinde pembeni, au kinaonekana tu kama kinamzuia? Programu haikulazimishi kuyajibu. Usipojibu, inajibu yenyewe kwa chaguo-msingi, na inaendelea mbele kimya.

Sasa twende Hartford. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mji huo ulitaka jumba kubwa la michezo. Paa lilipaswa kufunika futi 300 kwa 360, yaani karibu mita 91 kwa 110, bila nguzo za kuwakinga watazamaji wasione. Wahandisi walipendekeza fremu ya pande tatu: tabaka mbili za pau, moja juu ya nyingine kwa umbali wa futi 21, zikiunganishwa na pau za mshazari kiasi kwamba ukitazama kutoka chini unaona safu za piramidi. Kila mraba wa tabaka ulikuwa na upande wa futi 30. Uzito wote ungeteremka kwenye nguzo 4 tu, na nguzo zenyewe zilikuwa zimeingizwa ndani futi 45 kutoka ukingoni.

Fremu kama hiyo ni ubao wenye mawe mengi mno. Hakuna anayeikokotoa kwa penseli. Wahandisi waliueleza mji kwamba uchambuzi wa kompyuta, ambao wakati huo ulikuwa jambo jipya, ungewezesha paa jepesi na kuokoa karibu dola nusu milioni. Mji ukakubali. Wala siulaumu, mimi pia ningekubali.

Lakini fremu hii ilikuwa na mambo yake ya kipekee. Kwanza, pau zake kubwa hazikuwa mabomba wala mihimili ya umbo la I. Ziliundwa kwa anglaini 4 zilizopangwa mgongo kwa mgongo, ukizikata unaona umbo la msalaba. Umbo hilo ni rahisi kulifunga bolti, ila chuma chake kingi kimejikusanya katikati. Chukua karatasi, iviringishe iwe bomba, iisimamishe na uweke kitabu juu yake: itasimama. Chukua karatasi ya uzito ule ule uikunje iwe msalaba mwembamba, utaona inavyojipinda na kujisokota. Pili, mabati ya paa hayakulazwa juu ya pau za tabaka la juu. Yaliinuliwa kwa vijiguzo vifupi vya urefu tofauti ili kutengeneza mteremko wa maji. Wazo zuri kwa mvua, lakini kwenye mapaa ya kawaida mabati na vyuma vyake huzishika pau zisiende pembeni. Hapa hayakuzishika.

Na tatu, viungo. Pau za mlalo zilikutana kwenye nukta moja, na pau za mshazari zikakutana kwenye nukta nyingine, chini kidogo, zikiunganishwa na zile za juu kwa bamba la chuma. Kwenye kompyuta nukta hizo mbili zilikuwa moja.

Hapa inabidi nisimame niwaeleze jambo la Euler, kwa sababu bila yeye mpishano mdogo hivyo hauwezi kuangusha kitu. Leonhard Euler alionyesha mwaka 1744 kwamba upau mwembamba unaobanwa kutoka ncha zote mbili haufi kwa kupondeka. Unabenuka ghafla kwenda pembeni. Na mzigo unaoubenua unategemea urefu wake kwa mraba: ukiuzidisha urefu mara mbili, nguvu inabaki robo. Jaribuni na rula ya plastiki. Isimamishe mezani, ibonyeze kwa kiganja, itabenuka kwa urahisi. Sasa mwenzako aishike kwa vidole viwili katikati, na ubonyeze tena. Imekuwa ngumu mara 4, na vidole vyake havijatumia nguvu yoyote ya kutajika.

Paa la Hartford lilitegemea vidole hivyo. Pau za juu zilikuwa na urefu wa futi 30 kutoka kiungo kikuu hadi kingine, lakini katikati, kwenye futi 15, zilipaswa kushikwa na pau nyingine. Muundo wa kompyuta ulichukulia kwamba zote zimeshikwa. Ndani ya paa, pau zilikuwa na vishikio kwa kiasi fulani. Kwenye kingo, kishikio kilikuwepo kwa macho tu: hakikuweza kuuzuia upau usibenuke kuelekea nje. Ilikuwa kama mwenzako kushika rula yako kwa kamba ya mpira. Kwa hiyo upau uliohesabiwa kuwa wa futi 15 ulikuwa, kwa kazi yake halisi, wa futi 30. Katika aina moja ya kiungo, uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba upau uliokusudiwa kubeba pauni 160,000 ungeweza kubeba pauni 15,440 tu kwa jinsi kiungo kilivyojengwa. Chini ya sehemu moja ya kumi.

Mtauliza, je, kompyuta haikuliona hilo? Hapana, na haikuwa na jinsi ya kuliona. Uchambuzi wa wakati huo ulikuwa wa mstari: unakokotoa nguvu kwenye umbo la jengo kama lilivyochorwa, kana kwamba halijasogea hata unywele. Kubenuka hakumo ndani ya matriksi hiyo. Programu inakupa nguvu iliyo kwenye upau, halafu mtu anachukua namba hiyo na kuilinganisha na uwezo wa upau, na uwezo huo unakokotolewa kwa kutumia urefu usioshikwa. Urefu huo nani anauingiza? Mtu. Ni namba moja kwenye kadi. Milinganyo yote ilitatuliwa sawasawa, desimali zote zilikuwa mahali pake, na jibu zima lilikuwa limeegemea namba moja iliyotokana na jinsi mtu alivyokitazama kiungo.

Sisi tunaijua hali hii. Vipimo vyote vimepita, kijani kibichi kutoka juu hadi chini, kwa sababu vipimo vyenyewe vimeandikwa kwa dhana ile ile iliyoandika programu.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba paa lilisema. Lilisema mara nyingi tu. Lilipounganishwa likiwa bado chini, wakaguzi waliona baadhi ya viungo vimelegea chini kupita kiasi, wakatoa taarifa. Mwezi Januari 1973 liliinuliwa kwa jeki hadi mahali pake, kazi iliyochukua kama wiki mbili. Lilipopimwa likiwa juu, kabla hata ya kuwekewa mabati, lilikuwa limeshuka katikati mara mbili ya ilivyotabiriwa na kompyuta. Mara mbili! Wahandisi walijibu kwamba tofauti za namna hiyo ni za kutarajiwa, kwa kuwa hesabu za nadharia hurahisisha mambo.

Jibu hilo nimelifikiria sana. Si jibu la mjinga. Ni kweli kwamba muundo wowote wa kompyuta hurahisisha mambo. Lakini programu hizi huwa hazikosei kwa kiasi hicho katika jambo rahisi kama kushuka kwa paa kwa uzito wake lenyewe; ukipata asilimia 10 au 15 unaweza kunyamaza. Mara mbili maana yake kilichojengwa na kilichokokotolewa ni vitu viwili tofauti. Pale ndipo kazi ilipaswa kusimama, na swali likawa: kwenye muundo wetu tumechora nini ambacho hakipo?

Haikusimama. Mkandarasi aliyekuja kufunga mapambo ya pembeni alikuta matundu ya kufungia hayaendani, kwa sababu ukingo ulikuwa umepinda sana. Akatoa taarifa. Aliambiwa alimudu tatizo hilo mwenyewe, la sivyo ucheleweshaji uwe juu yake. Basi akakata vishikio vingine na kutengeneza vingine upya, mapambo yakaingia. Jumba lilifunguliwa mwaka 1975. Baada ya muda hata raia wa kawaida alieleza wasiwasi wake kuhusu bonde kubwa lililoonekana kwenye paa, na mji ukahakikishiwa kwamba hakuna tatizo.

Usiku wa tarehe 17 Januari 1978 kulikuwa na mchezo wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu. Watazamaji walikuwa kama 5,000. Nje theluji ilikuwa ikianguka, dhoruba kubwa kuliko zote tangu jumba lifunguliwe. Mchezo ukaisha, watu wakaenda zao. Saa 10 na robo alfajiri, paa la tani 1,400 lilianza kuporomoka katikati, likashuka mita 25 hadi kwenye viti, na pembe zake 4 zikainuka juu hewani. Hakukuwa na mtu ndani. Hakuna aliyeumia.

Saa sita tu zilitenganisha hilo na mazishi ya maelfu.

Mji uliunda jopo, na jopo likaajiri kampuni ya LZA, iliyoanzishwa na Lev Zetlin, ili ichunguze. Matokeo yao ya mwaka huo huo yanatisha kuyasoma. Pau za juu za kingo za mashariki na magharibi zilikuwa zimezidiwa kwa asilimia 852, yaani zilitakiwa kubeba karibu mara 9 na nusu ya uwezo wake. Za kingo za kaskazini na kusini zilizidiwa kwa asilimia 213. Hata pau za ndani, upande wa mashariki na magharibi, zilizidiwa kwa asilimia 72. Juu ya hayo, uzito wa paa lenyewe ulikuwa umekadiriwa chini ya uhalisia kwa karibu asilimia 20. Theluji haikuwa na kosa: mzigo wote wa usiku ule ulikuwa kati ya pauni 66 na 73 kwa futi ya mraba, wakati paa lilipaswa kuhimili si chini ya 140.

Kama zilizidiwa kiasi hicho, paa lilisimama vipi kwa miaka 5? Rudini kwenye ubao wa mawe matatu. Muundo wa namna hii una njia nyingi za kupitishia mzigo. Upau mmoja ukibenuka, haulii wala hauanguki. Unaacha tu kubeba, na jirani zake wanaupokea mzigo wake. LZA walisema paa lilianza kufa mara tu lilipokamilika. Kwa nje liliendelea kuonekana zima, kama seva 10 ambapo 4 zimeshazimika na zilizobaki zinapokea kazi yao, na hakuna anayeangalia kumbukumbu. Kila theluji ya kila mwaka ilizima pau chache zaidi. Ile ya Januari 1978 ilikuta hakuna jirani aliyebaki na nafasi.

Si wote waliokubaliana na LZA. Kampuni nyingine, Loomis and Loomis, ilikubali kwamba paa lilikuwa na upungufu mkubwa lakini ikasema pau zenye umbo la msalaba zilijisokota kabla hazijabenuka, aina ya kufa ambayo wahandisi wengi wakati ule hawakuzoea kuikagua. Mshauri mwingine, Hannskarl Bandel, alilaumu weldi iliyoshikilia ubao wa matokeo kwenye paa. Mimi naona hoja ya weldi ni dhaifu: haielezi kwa nini paa lilishuka mara mbili ya hesabu miaka 5 kabla. Hoja ya kujisokota ina uzito, na haiipingi sana ile ya kwanza, maana zote mbili zinaanzia kwenye upau ulioaminiwa kuwa umeshikwa. Kesi zilichukua miaka 6 na zikaishia kwa mapatano nje ya mahakama, kwa hiyo hakuna hakimu aliyetamka nani alikuwa sahihi.

Viungo viliendelea kuandika historia baada ya hapo. Tarehe 4 Juni 1979 sehemu ya paa la Kemper Arena, Kansas City, ilianguka kwenye mvua kubwa; bolti za vining'inizio vyake zilikuwa zimechoka kwa kuchezacheza na upepo. Katika mji huo huo, tarehe 17 Julai 1981, madaraja ya ndani ya hoteli ya Hyatt Regency yaliyoning'inizwa kutoka kwenye paa yaliporomoka na kuua watu 114. Hapo kosa lilikuwa kubadilisha fimbo moja ndefu kuwa mbili fupi, mabadiliko yaliyoongeza mara mbili mzigo wa kiungo cha daraja la juu. Na tarehe 23 Agosti 1991 msingi wa zege wa jukwaa la mafuta la Sleipner A ulizama kwenye ghuba karibu na Stavanger, Norway, kwa sababu muundo wa kompyuta ulikuwa na vipande vikubwa mno mahali palipohitaji vidogo, na nguvu ya kukata ikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Uchambuzi makini uliofanywa baada ya ajali ulitabiri kwamba ungevunjika kwenye kina cha mita 62. Ulivunjika kwenye mita 65. Programu ilikuwa nzuri siku zote, ilikuwa inangoja kuulizwa vizuri.

Na leo? Mengi yamebadilika. Kanuni za chuma za Marekani za mwaka 2005 zilileta mbinu ambayo programu inakokotoa nguvu kwenye umbo lililokwisha kusogea, na ugumu wa vyuma unapunguzwa makusudi ili kuacha nafasi ya kasoro za kweli. Kanuni za Ulaya, katika sehemu yake ya viungo ya mwaka 2005, zinamtaka mhandisi aseme waziwazi kila kiungo ni bawaba, ni kigumu, au ni cha katikati, na kama ni cha katikati akipe ugumu wake kwa namba. Katika miaka ya 2010 programu kutoka Jamhuri ya Cheki, IDEA StatiCa, ilienea kwa kufanya kile ambacho Hartford ilikikosa: unachora kiungo chenyewe, bamba, bolti na weldi, na programu inakigawa vipande vidogo na kukuonyesha kinavyojipinda. Kompyuta ya mkononi ya mwanafunzi leo hufanya kwa sekunde kazi ambayo mwaka 1971 ingelaza chumba kizima cha mashine.

Hata hivyo, nimezichunguza programu kadhaa za aina hii kwa udadisi wa mtu wa programu, na chaguo-msingi zake zinasisimua. Chora pau mbili zinazokutana, nyingi zitakaza kiungo chenyewe kama kimeyeyushwa kuwa chuma kimoja. Chora upau wenye nodi katikati, na kuna zitakazochukulia kwamba nodi hiyo inaushika upau usiende pembeni, kwa kuwa tu nodi ipo. Ukitaka kusema haiushiki, unafungua dirisha la sifa za upau, unashuka hadi kwenye kisanduku cha urefu usioshikwa, na unaandika namba mwenyewe.

Jumba la Hartford lilijengewa paa jingine na kufunguliwa tena mwaka 1980. Bado lipo, na bado watu huenda kutazama mpira wa kikapu humo.